Ganda la Yai Kwenye Majivu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Buakham kilikuwa mgongo wake. Palikuwa na sherehe kwa jirani; mtoto alikuwa ametimiza mwezi, mama yake ametoka motoni, kwenye makaa ambayo mzazi hulala juu yake, na watu walijaa nyumbani kuwafunga nyuzi nyeupe za heri mikononi. Wanawake walikaa juu barazani, kwenye mikeka, wakila na kutaniana. Chini, kando ya mtungi mkubwa wa maji, mwanamke mmoja alikuwa amechutama mbele ya beseni, ametugeuzia mgongo, anaosha mabakuli ambayo mengine yalikuwa hayajatumika bado.

Nilikuwa na siku chache tu pale kijijini. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimeletwa kufundisha shule ya msingi, na yule mwanamke ndiye aliyenipangisha chumba. Nikashuka kumsaidia. Alinikatalia kwa upole, akasema mwalimu akae na wageni, yeye na maji wamezoeana. Nilipokuwa napanda ngazi kurudi, Mama Sengdao, shoga yake wa tangu utotoni, alipaza sauti kutoka juu.

"Buakham, hivyo vyombo vimekuoa? Panda ule."

Watu wakacheka. Mama Buakham akainua mkono wenye povu, akaupunga bila kugeuka.

Kisha sinia la sherehe likapitishwa. Kwetu sinia hilo huwa na maua, wali wa kunata, ndizi na mayai ya kuchemsha. Lilipofika karibu na mwanamke kijana mwenye mimba aliyekaa penye kona, Mama Sengdao alilivuta pembeni kwa mzaha.

"Mayai yapite mbali na Latsami. Huyu tunamjua."

Baraza lote likaangua kicheko. Yule kijana naye alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuusikia mzaha huo mara nyingi. Nilitupa macho chini. Mikono ya Mama Buakham ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Latsami ni binti yake.

Mzaha ule nilielezwa jioni ileile na Mama Sengdao, tena kwa furaha. Latsami, alisema, alipojifungua mtoto wa kwanza alishindwa kujizuia akala yai akiwa bado motoni, na mtoto almanusura afe. Tangu siku hiyo akipita sokoni, wauza mayai humwuliza leo amekula mangapi. Nilicheka pia, kwa adabu. Ukweli wenyewe niliupata baadaye, jikoni kwa Mama Buakham, katika miezi ile ambayo tulikula pamoja mimi na yeye, maana hakuwa na mtu mwingine wa kula naye.

Nami sijala chakula kama cha Mama Buakham. Supu yake ya samaki wa mtoni, machipukizi yake ya mianzi, papai bichi alilolitwanga na pilipili mpaka machozi yakatoka. Nguo zangu za chuoni zilianza kunibana. Kilichonishangaza ni kwamba mpishi wa namna hiyo, kwenye kila shughuli ya watu, hakukaribia jiko hata kuonja chumvi.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani mwanamke akijifungua, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Mama Buakham. Mzazi kwetu hulala juu ya kitanda cha mianzi, na chini yake hupangwa makaa. Hunywa maji ya moto yaliyochemshiwa mizizi, huogeshwa maji ya moto, mpaka mwili urudi. Mama yangu mwenyewe alilala motoni nilipozaliwa, wala sioni aibu kulisema. Lakini moto ulikuwa na sheria zake za chakula, na mtunza sheria alikuwa Mama Buakham. Mzazi ale wali wa kunata, chumvi na tangawizi ya kuchoma. Basi. Yai huozesha kidonda cha ndani. Mboga za majani hupoza maziwa. Samaki asiye na magamba huleta wazimu, na nyama ya nyati mweupe ni kifo hata kwa harufu. Anayevunja masharti hupatwa na maradhi yasiyo na dawa, na mtoto wake pamoja naye.

Sheria hizo alizipokea kwa mama yake, naye alizipokea kwa wake. Alikuwa akikaa mlangoni pa chumba cha mzazi na kukagua kila bakuli linaloingia. Waume walimwogopa. Mashangazi walimsifu, wakasema mkono wa Buakham haukosei. Alinisimulia sifa hizo huku akitazama chini, kama mtu anayekiri wizi.

Latsami alipoolewa, mumewe ndiye aliyehamia kwao, kama ilivyo desturi. Somvang ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, wa kike, Mama Buakham alimlisha mwanawe kwa ukali kuliko alivyowahi kumlisha mtoto wa mtu. Ya wengine ilikuwa kazi, alisema. Hii ilikuwa mapenzi.

Baada ya muda Latsami alianza kulalamika kwamba miguu inakufa ganzi. Akaomba yai. Mama akakataa. Akaomba tena, akilia, na mama akamwambia wanawake wote wa ukoo wamepita hapo na hakuna aliyelia. Somvang aliyasikia hayo. Mama mkwe alipokwenda sokoni, alichukua yai moja, akalichoma kwenye makaa yaleyale yaliyokuwa chini ya kitanda, akamlisha mkewe. Ganda wakalifukia kwenye majivu.

Mama Buakham alilikuta alipokuwa akizoa majivu. Hakumwita mwanawe faragha. Alilichukua lile ganda kiganjani mpaka barazani, walipokuwa wamekaa wanawake waliokuja kumjulia hali mzazi, akaliweka juu ya mkeka katikati yao.

"Tazameni," akasema. "Mwanangu ameshindwa kuuzuia mdomo wake hata kwa ajili ya damu yake."

Ukuta wa nyumba ile ni wa mianzi iliyosukwa. Latsami alisikia kila neno.

Si muda, sauti ya mtoto ikabadilika. Kilio kikawa cha kukwaruza, halafu kikawa hafifu, kama pumzi inayopita kwenye tundu. Bibi yake alimcheka. Alisema huyu ni chura anayeita mvua, akampa jina la utani Kop, ambalo maana yake ndiyo hiyo, chura. Kwetu mtoto mchanga hupewa jina la mnyama ili pepo wasimtamani, kwa hiyo kila mtu alilipenda jina likashika.

Haukuwa mzaha. Mtoto akaanza kuhema mbio, akavimba miguu, akakataa titi. Wanawake wakatazamana, na Mama Buakham akawa na jibu tayari: ni lile yai. Akakaza masharti. Hata kipande cha samaki mkavu alichokuwa ameanza kumruhusu mwanawe akakiondoa.

Somvang hakubishana. Alimfunga mtoto kifuani kwa shuka, akampakia mkewe kwenye pikipiki, wakaenda hospitali ya mkoa. Mama Buakham akafuata kwa gari la wachuuzi wa mboga, amebeba kikapu chenye wali, chumvi na tangawizi, ili mwanawe asije akalishwa ovyo na watu wasiojua.

Daktari alikuwa msichana tu, kwa macho ya Mama Buakham. Alimsikiliza mtoto kifua, akamchoma sindano, kisha akauliza mama anakula nini. Aliyejibu si Latsami, ni mama yake, kwa sauti ya mtu anayetaraji kusifiwa, na akafungua kikapu chake mbele ya wodi nzima ili daktari ajionee.

Hakukaripiwa. Aliniambia laiti angekaripiwa. Yule daktari alichutama karibu naye, akamweleza taratibu kwamba kuna kitu kidogo katika chakula kinachoitwa vitamini B1, na mwili hauwezi kukiweka akiba ya muda mrefu. Mama asipokila, maziwa yake hutoka bila hicho, na moyo wa mtoto huchoka. Kimo kwenye nyama, kwenye samaki, kwenye mayai, kwenye choroko. Kimo pia kwenye pumba za mpunga, ila mpunga wetu tunaukoboa mpaka unakuwa mweupe pe, tunauloweka, na maji yake tunamwaga.

"Pumba kwenu mnampa nani, Mama?" daktari akauliza.

"Nguruwe," akajibu Mama Buakham.

Hakuna aliyecheka wodini. Alisema alitamani angalau mmoja angecheka.

Kabla jua halijainama, mtoto alikuwa anapumua sawasawa. Halafu akalia, kilio kikubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaziba masikio, na Latsami naye akalia. Mama Buakham akafunika kikapu chake, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi za nje. Hapo ndipo alipomkumbuka mwanawe wa kwanza.

Alikuwa mvulana, aliyemtangulia Latsami. Yeye pia alipoteza sauti. Yeye pia alihema mbio, akafia mikononi mwa mama yake aliyekuwa bado juu ya makaa. Wazee walimfariji, wakasema mama yake wa zamani, yule wa huko watoto watokako kabla ya kuzaliwa, amekuja kumchukua. Miaka yote Mama Buakham alikuwa akimchukia mama yule asiyeonekana.

"Kumbe hakukuwa na mama mwingine," aliniambia, akichambua majani ya supu. "Nilikuwa peke yangu naye."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu sasa ana karibu miaka minne, ana sauti ya kuamsha mtaa, na kila anapoitwa Kop bibi yake hufumba macho kidogo, kama mtu aliyeingiwa na moshi.

Waliporudi kutoka hospitali, Mama Buakham hakusema neno kijijini. Hakusema uongo, alikaa kimya tu. Watu walikuwa wameliona ganda la yai kwa macho yao, walikuwa wamesikia hukumu yake, na sasa walijua mtoto aliugua na sindano ikamwokoa. Wakaziunganisha habari hizo wenyewe: yai lilimdhuru, sindano ikamponya. Mama Buakham aliusikia mzaha wa kwanza, akakosa ujasiri wa kuuzima. Akausikia wa pili. Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi, maana ingebidi aeleze pia kwa nini alikuwa amenyamaza.

Somvang na Latsami walihama, wakaenda kuishi kwa shangazi yake Somvang, Shangazi Phaeng, ng'ambo ya kijito karibu na mashine ya kukoboa. Hapakuwa na ugomvi. Walisema ni karibu na karakana. Latsami alikuja kumwona mama yake kila juma, akimshika Kop mkono, na kila alipokuja alibeba kikapu chenye chakula alichokipika mwenyewe.

"Usihangaike kupika, Mama," alikuwa akisema.

Nilikuwepo mara kadhaa. Mama na binti walikaa mkeka mmoja, wakala kutoka kwenye kile kikapu, wakaongea habari za mvua na za pikipiki. Kando yao jiko la Mama Buakham lilikuwa na sufuria inayotoka mvuke, aliyoipika toka asubuhi, na hakuthubutu kuifunua. Latsami akishaondoka, ndipo aliponiita kula. Kwa hiyo zile nguo zilizonibana, zilinibana kwa chakula alichopikiwa Latsami.

Mimba ya pili ilipozidi kukua, Mama Buakham hakuuliza lolote. Lakini alianza kwenda kituo cha afya siku za akina mama. Aliketi nyuma kabisa, mwenye mvi peke yake kati ya wasichana wenye matumbo, akimsikiliza muuguzi akieleza kwamba kila mlo uwe na kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga mwili na kitu cha kijani. Mama Sengdao alipopata habari hakumwacha.

"Nasikia una mimba," alimwambia mlangoni kwetu.

"Najifunza kula."

"Umri huu? Si umefundisha nusu ya kijiji?"

Mama Sengdao, kwa wema wake, alimletea kopo la maziwa mazito ya sukari ampelekee Latsami, akisema hayo huongeza damu kuliko nyama. Muuguzi alikuwa amesema kuwa yale ni sukari zaidi kuliko maziwa. Mama Buakham alilipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka kwenye rafu. Liko pale mpaka leo.

Alikwenda pia kwenye mashine ya kukoboa, akaomba mpunga wake usikobolewe mpaka mweupe. Mwenye mashine alimwuliza kama anafuga nguruwe wapya. Akasema ndiyo. Aliponisimulia hilo, tulicheka wote wawili, mara ya kwanza kumwona akicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla, akanawa mikono.

Tatizo lilikuwa Shangazi Phaeng. Ndiye mwenye nyumba, ndiye atakayempikia mzazi, na alikuwa akitangaza wazi sokoni kwamba safari hii hakutakuwa na mchezo. Wali, chumvi na tangawizi. Mayai yote ya nyumba atayauza kabla Latsami hajajifungua, na funguo za kabati atalala nazo. Mtoto akiugua, sindano zipo, alisema, lakini heri kinga. Nilimwuliza Latsami siku moja njiani kama atakubali. Alitazama kando.

"Mwalimu, mimi ni mla yai," akasema. "Nikiomba chakula, nani atanisikiliza?"

Somvang alikuwa amejaribu kumwambia shangazi yake habari ya vitamini. Shangazi akamjibu kwamba aliyelichoma yai hana haki ya kutoa ushauri.

Nilimpelekea Mama Buakham maneno hayo. Sikujua kama nafanya vyema. Alikuwa anasuka kifuniko cha kikapu. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari, akauliza sherehe ya Latsami ni lini. Nikamwambia. Kwetu mimba ikikomaa, jamaa hukusanyika kumfunga mama nyuzi ili roho zake, maana twaamini mtu ana roho nyingi, zitulie mwilini kabla ya uchungu. Mama Buakham akasema atakwenda mapema, maana kwa watu wengi hivyo vyombo vitakuwa vingi.

Siku hiyo alikuwa kwenye beseni kabla sijafika. Shangazi Phaeng alikuwa amepamba sinia vizuri, maua ya manjano, ndizi, wali, na mayai juu kabisa kama kofia. Mzee wa kuombea aliomba, akamaliza. Watu wakaanza kumfunga Latsami nyuzi. Ni desturi, mtu anapofungwa, kiganja chake kingine hukaa wazi na kuwekewa chakula kutoka kwenye sinia, aghalabu yai. Shangazi Phaeng akachukua ndizi.

"Wewe tunakupa ndizi," akasema. "Yai si unajua linakwendaje."

Wanawake wakacheka. Hata mimi nilikuwa nimetazamia mzaha kama huo. Latsami alitabasamu tabasamu lake, akakunjua vidole kuipokea ndizi.

Nilisikia ngazi zikilia. Mama Buakham alikuwa anapanda, nguo imelowa magotini, maji yakimtiririka viwikoni. Sikuwa nimewahi kumwona barazani kwa mtu. Alipita katikati ya wanawake bila kuinama kama inavyotakiwa kupita mbele ya watu, akapiga magoti penye sinia, akachukua yai, akaitoa ndizi kwenye kiganja cha mwanawe na kuliweka yai mahali pake. Yai likagonga pete ya Latsami.

"Yai halikumdhuru mtoto," akasema.

Shangazi Phaeng alidhani amesikia vibaya. "Dada Buakham, wewe mwenyewe ndiye uliyetuonyesha ganda."

"Ndiyo. Nilikosea. Mtoto aliugua kwa sababu mama yake hakulishwa, na mlishaji nilikuwa mimi. Daktari aliniambia mbele ya watu. Nikarudi hapa nikawaacha mumcheke mwanangu, na mimi nikienda kuosha vyombo ili nisione."

Yeye alikuwa bado hajamaliza. Alisema kuhusu mvulana wake, kwa maneno machache sana, na wanawake wa rika lake, waliomzika mtoto yule pamoja naye, wakashusha macho. Kisha akawaambia wale aliowahi kuwalisha kwamba hana neno la kutosha kuwaomba radhi. Akabaki amepiga magoti, maji yakidondoka kwenye mkeka wa mwenye nyumba.

Mashine ya kukoboa ilisikika ng'ambo ya ua. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Sengdao.

"Mimi kwa mtoto wangu wa tatu ulinilisha wewe," akasema taratibu.

"Najua."

"Unadhani alipona kwa tangawizi yako? Nilikuwa naficha samaki mkavu chini ya mto."

Mama Buakham akainua uso. "Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unaambilika?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, halafu wakacheka wengi, na kucheka kwao kulikuwa kwa namna nyingine. Bibi mmoja nyuma akasema yeye alikuwa akiiba choroko. Shangazi Phaeng hakucheka. Aliitazama ile ndizi, akatazama sinia lake lililovurugika, akasema kwa hiyo muda wote huu walikuwa wakimcheka aliyekuwa sawa. Alinyoosha mkono akaokota uzi uliokuwa umeanguka, akaendelea kumfunga Latsami.

Latsami hakumkumbatia mama yake. Alifunga vidole juu ya lile yai. Mama Buakham akashuka tena chini kwenye beseni, na safari hii nilimfuata, naye hakunikatalia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikuwa anaamka, anapika, anapoza chakula, anawapa kuku wa jirani. Alisema amemwaibisha mwanawe tena mbele ya watu, mara ya pili, barazani vilevile. Alisema Latsami hatakuja. Kijijini watu walimwamkia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa, na hilo alilichukia kuliko mizaha.

Siku ya Latsami kuja ikafika. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto barazani nilipomwona akivuka kijito polepole, mkono mmoja kiunoni, Kop akimtangulia huku akipiga kelele. Alikuwa amebeba kikapu chake kama kawaida. Alipanda ngazi akihema, akakaa, akakiweka kikapu mkekani mbele ya mama yake na kukifunua.

Kilikuwa kitupu.

"Mama, nina njaa," akasema.

Mama Buakham alikwenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kupakua supu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasingizia kuni. Latsami alikula. Samaki, mboga za majani, wali wa rangi ya kahawia ambao Kop aliukataa kwanza akisema ni mchafu, kisha akamaliza wa bibi yake. Hawakuongea habari za sherehe. Walipokuwa wanaondoka, Latsami alisema kwamba Shangazi Phaeng amekubali yeye aje kulala motoni hapa, moto uwe mdogo, na kwamba ameuliza ule mpunga unakobolewa namna gani.

Leo alfajiri Somvang alipiga honi chini ya nyumba. Uchungu umeanza, anampeleka Latsami hospitali, na anaomba Kop abaki nasi. Mama Buakham hakutaka kubaki. Kwa sababu shule imefungwa, tumekuja wote watatu kwa gari la wachuuzi wa mboga, naye amepakata kikapu safari nzima. Ndani yake mna wali wa kahawia, mayai ya kuchemsha, choroko, nyama ya nguruwe iliyopikwa na tangawizi nyingi. Tangawizi hakuiacha, alisema haijamkosea mtu.

Sasa tumekaa kwenye ngazi za nje, zilezile. Mlango wa chumba cha kujifungulia uko ndani, upande wa kushoto, umefungwa. Muuguzi amepita akasema bado kidogo. Mama Buakham ameshika kifuniko cha kikapu kwa mikono miwili ili chakula kisipoe. Kop amemwuliza kama mtoto atakayekuja naye ataitwa chura, na bibi amemwambia hapana, huyu tutasubiri kwanza tusikie sauti yake.

Gari la wagonjwa lililokuwa likinguruma uani limezima injini. Kop amefungua kinywa aseme kitu, bibi akamwekea kidole mdomoni. Mama Buakham ameinamisha kichwa kuelekea mlangoni, anasikiliza.